Hedhi ikiruka na uzito ukipanda, msikimbilie dawa za "kubalansi homoni"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie mabinti wa kati ya miaka 15 na 25 ambao hedhi zao zinaruka huku uzito ukipanda. Wako wengi, na soko limeshawaona. Nguzo za umeme, makundi ya WhatsApp na, samahani kwa kusema, baadhi ya kurasa za matangazo magazetini zinawauzia dawa ya kubalansi homoni, poda ya kusafisha kizazi na vidonge vya kuyeyusha uvimbe bila upasuaji, dozi ya siku 21. Upande wa pili yuko mhudumu anayemtupia binti jicho mara moja na kumwambia, "Punguza mwili, itarudi yenyewe." Wote wawili wameruka hatua ileile: hakuna aliyehesabu siku, hakuna aliyepima, hakuna aliyeuliza binti anatumia nini.

Vitu vya kuanzia havihitaji hospitali ya rufaa. Kalenda, kipimo cha mimba cha mkojo, mizani, futi kamba ya fundi cherehani, mashine ya presha na nusu saa ya mazungumzo vinatosha kujua nani ni mzima, nani atibiwe hapohapo na nani apelekwe mbele.

Hesabu ya mzunguko inaanza siku ya kwanza ya damu yenyewe, siyo matone ya kahawia yanayotangulia, na inaishia siku moja kabla ya damu inayofuata. Tuseme binti wa miaka 19 aliyevunja ungo akiwa na 13 ameandika: Machi 4, Aprili 19, Juni 11. Machi 4 hadi Aprili 19 ni siku 46. Kutoka hapo hadi Juni 11 ni siku 53. Huyo ana jambo la kufuatiliwa. Mwenzake anayelalamika kwamba tarehe zinahama kila mwezi, akiandika vizuri unakuta ni siku 27, 31, 29. Huyo hana ugonjwa. Hedhi haina mkataba na tarehe za mwezi.

Viwango vyenyewe vinategemea muda tangu kuvunja ungo, si umri peke yake. Mwaka wa kwanza mzunguko kuyumba ni kawaida. Baada ya mwaka huo hadi miaka mitatu itimie, kisicho cha kawaida ni mzunguko wa chini ya siku 21 au zaidi ya 45. Ikishapita miaka mitatu kiwango kinabana: chini ya siku 21, zaidi ya siku 35, au hedhi zisizofika 8 kwa mwaka. Na ukiacha ule mwaka wa kwanza, mzunguko hata mmoja tu uliozidi siku 90 unatosha kumpeleka binti kituo cha afya. Aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe, asisubiri shangazi aseme "kwenye ukoo wetu tunachelewa".

Kipimo cha kwanza ni cha mimba, hata kama mama yuko pembeni anaapa kwamba mwanawe hajui mwanaume. Hakuna kumdhalilisha mtu hapo. Kila anayekuja na hedhi iliyokatika anapimwa, basi. Kikitoka hasi na bado kuna shaka, kinarudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Baada ya hapo mama aombwe kwa heshima: "Mama, tupishe dakika kumi, tutakuita." Bila dakika hizo kumi, historia yote itakuwa ya uongo, na mhudumu atatibu ugonjwa usiokuwepo. Binti aulizwe kama amechoma sindano ya uzazi wa mpango au kuweka kijiti. Sindano ya miezi mitatu huwakausha hedhi wengi wanaoendelea nayo, huwaongezea uzito baadhi yao, na ukiiacha uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Damu hiyo haijajikusanya mahali ikisubiri kusafishwa. Ukuta wa mji wa mimba umekuwa mwembamba tu, hakuna cha kutoka. Aulizwe pia kuhusu P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Anayemeza vidonge vya dharura mara mbili tatu ndani ya mwezi amevuruga tarehe kiasi kwamba hakuna daktari anayeweza kuusoma mzunguko huo. Apatiwe njia ya kawaida ya kujikinga, kisha kalenda ianze upya.

Halafu kuna dawa ambazo binti mwenyewe hazihesabu kuwa dawa. Vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio vinavyouzwa kwenye vifuko visivyo na jina mara nyingi ni siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta njaa, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi kali. Mkorogo nao: krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, steroidi nyingine, na ikipakwa mwili mzima kila siku inapenya ngozi na kuingia kwenye damu. Matokeo ni uso kuwa wa mviringo, mafuta kujaa tumboni na mgongoni chini ya shingo huku mikono na miguu ikibaki myembamba, michirizi mipana ya rangi ya zambarau, ngozi inayochubuka kwa kugusa tu, presha, sukari, na hedhi kukatika. Anayeshindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, na ana michirizi hiyo, asipewe ushauri wa mazoezi. Aulizwe anameza nini na anapaka nini.

Hapa lazima niseme jambo la hatari. Aliyetumia steroidi kwa zaidi ya wiki tatu asiache ghafla. Tezi zinazokaa juu ya figo zinakuwa zimelala kwa sababu kazi yao ilikuwa inafanywa na kidonge. Akiacha leo, kesho kutwa anaweza kuanguka kwa presha kushuka na sukari kushuka. Aende hospitali na pakiti au kopo lenyewe mkononi, dozi ipunguzwe hatua kwa hatua.

Yakiondolewa hayo, kwa binti ambaye hedhi zinaruka na mwili unaongezeka, kinachokutwa mara nyingi ni PCOS, hali ya ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria inampata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliieleza mwaka 1935, kwa hiyo si ugonjwa ulioletwa na chipsi wala kuku wa kisasa, ingawa chipsi haziisaidii.

Mzizi wake kwa wengi ni insulini. Ukila, kongosho hutoa insulini ili sukari iingie kwenye misuli. Misuli ikiwa sugu, yaani haiitikii insulini, kongosho hutoa zaidi. Tatizo ni kwamba ovari si sugu kama misuli: insulini hiyo nyingi inazisukuma zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume, kupita kiasi, na kwenye ini inapunguza ile protini inayoibeba testosteroni, hivyo inayobaki huru kwenye damu inaongezeka. Ndiyo inayoleta chunusi sugu, ndevu kidevuni, nywele kifuani na mstari wa nywele chini ya kitovu. Vifuko vya mayai vinaanza kukua na kuishia njiani, hakuna yai linalopevuka. Bila yai kupevuka hakuna projesteroni, na bila projesteroni ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa wiki baada ya wiki hadi unabomoka wenyewe. Ndiyo maana msichana huyohuyo anakaa miezi mitatu bila kitu, kisha anatokwa damu siku 12 yenye mabonge, na nyumbani wanasema chango limemshuka.

Alama moja inaonekana bila kipimo chochote. Ngozi ya nyuma ya shingo, kwapani na chini ya matiti inakuwa nyeusi, nene, laini kama kitambaa cha mahameli, yenye mikunjo midogomidogo, wakati mwingine na vinyama vidogo vinavyoning'inia. Ni insulini iliyozidi inayokuza chembe za ngozi. Nyumbani binti anaambiwa haogi vizuri, anasugua kwa dodoki na jiwe hadi anatoa damu, halafu anaipaka mkorogo. (Jiwe la kusugulia miguu halijawahi kushusha insulini.) Mwalimu, nesi na hata msusi wakiiona shingo hiyo kwa msichana, wamwambie taratibu akapime sukari.

Sasa kuhusu ultrasaundi, ambayo ndiyo inayovuruga mambo kuliko kitu kingine. Binti wa miaka 16 anapelekwa, karatasi inarudi imeandikwa "vifuko vingi kwenye ovari zote mbili", na kuanzia jioni ile ukoo mzima unajua ana uvimbe kwenye kizazi. Vifuko hivyo vina milimita 2 hadi 9. Ni nyumba za mayai, kila mwanamke anazo, na msichana mdogo mwenye afya anaweza kuwa na 20 na zaidi bila ugonjwa wowote. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa upya mwaka 2023 unasema ultrasaundi isitumike kuitambua hali hii kabla ya kutimia miaka 8 tangu kuvunja ungo. Kwa msichana zinatakiwa dalili mbili zote: hedhi zisizo za kawaida kwa viwango nilivyotaja, na dalili za homoni za kiume kuzidi, ama kwa macho ama kwa damu. Mwenye moja tu asipewe jina la ugonjwa. Afuatiliwe na kuangaliwa upya. Kwa mwanamke mzima zinatosha mbili kati ya tatu, ya tatu ikiwa ni picha ya ovari. Aliye na hedhi za kuruka pamoja na ndevu hana haja hata ya kulipia picha hiyo.

Si kwamba ultrasaundi haina kazi. Maumivu makali upande mmoja, tumbo linalovimba, au damu isiyokata vinaihitaji. Ila ambaye hajawahi kukutana na mwanaume apimwe juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, na kwa namna hiyo kuhesabu vifuko ni kubahatisha. Aandikiwe ujazo wa ovari, ambao ukifika mililita 10 ni mkubwa. Uvimbe wa sentimita 6 ni habari nyingine kabisa, na hautokani na PCOS. Vifuko vya PCOS havitolewi kwa upasuaji na hakuna poda inayoviyeyusha.

Kwenye maabara pesa nyingi hupotea pia. Kuna kifurushi cha "homoni zote" ambacho nusu yake hakibadilishi matibabu. Vinavyohitajika ni homoni ya tezi ya shingo, prolaktini, testosteroni, na sukari. Tezi ya shingo ikilegea huongeza kilo chache tu, nyingi zikiwa maji, kwa hiyo aliyeongezeka kilo 20 asiisingizie. Prolaktini ipandapo hukata hedhi na kutoa maziwa kwa asiyenyonyesha. Ila hupandishwa pia na metoklopramidi ya kichefuchefu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hivyo muulizeni kabla ya kumtisha na uvimbe wa kichwani. Testosteroni isipimwe mtu akiwa kwenye vidonge vya majira, kwani vinaishusha. Inabidi viwe vimeachwa miezi mitatu, na katika muda huo ajikinge kwa njia nyingine. Sukari ipimwe vizuri: afunge kula saa 8, ipimwe, anywe gramu 75 za glukosi kwenye maji, ipimwe tena baada ya saa 2. Ya pili ikiwa 7.8 (mmol/L) au zaidi, mwili umeanza kushindwa, ikifika 11.1 ni kisukari. Kipimo cha asubuhi peke yake huwakosa wengi. Aliyetokwa damu nyingi apimwe na wingi wa damu.

Sauti ikinenepa, upara wa mbele ukija na misuli ikitokeza ndani ya miezi michache, hiyo si PCOS ya kawaida. PCOS huja polepole kwa miaka. Huyo aende kwa daktari bingwa wiki hiyohiyo, inaweza kuwa uvimbe unaotoa homoni.

Matibabu yana malengo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuulinda mji wa mimba: damu isipitilize siku 90 bila kutoka, kwa kuwa ukuta unaonenepa miaka mingi bila projesteroni unaongeza uwezekano wa saratani ya mji wa mimba baadaye. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili hufanya kazi hiyo na hupunguza chunusi na ndevu pia. Kabla ya kuvitoa pimeni presha. Ikiwa 140/90 au zaidi havifai, wala kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mshipa. Wazazi wanashtuka wakisikia binti asiyeolewa amepewa majira. Nawaelewa, lakini hapo ni dawa, na haviui uzazi. Akiviacha mayai yanaendelea pale yalipokuwa. Asiyevitaka apewe medroksiprojesteroni ya miligramu 10 kila siku kwa siku 10 hadi 14, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Damu hutoka ndani ya siku chache baada ya kidonge cha mwisho. Isipotoka, rudieni kipimo cha mimba, msiongeze dozi. Na dozi hiyo haizuii mimba.

La pili ni kushughulikia insulini. Dawa yake, metformini, huanza na miligramu 500 kwa siku, pamoja na chakula, ikiongezwa 500 kila baada ya wiki moja au mbili, isizidi gramu 2 kwa msichana. Wengi huiacha wiki ya kwanza kwa kuharisha kwa sababu mhudumu amewaanzishia gramu nzima mara mbili kwa siku, tena tumbo tupu. Mwenye figo mbovu asipewe. Ijulikane pia kwamba ikifanya kazi, yai linapevuka kabla hedhi haijaonekana. Aliyezoea kujiona hashiki mimba anashtukia ameshika. PCOS si utasa. Wakati wa kutafuta mtoto ukifika, letrozoli ndiyo dawa ya kwanza, chini ya daktari.

Kuhusu uzito, mabinti wametukanwa vya kutosha. Insulini hiyohiyo inayoharibu hedhi ndiyo inayoleta njaa na kuhifadhi mafuta kiunoni, na wapo wembamba wenye PCOS. Lengo la kuanzia ni asilimia 5 tu: mwenye kilo 84 ashushe kilo 4 na kidogo, na kwa wengi hedhi huanza kujipanga hapo. Kukaa na njaa, kula mlo mmoja kwa siku kwa wiki nzima, kunaweza kuikata hedhi zaidi, maana ubongo ukiona hakuna chakula unafunga uzazi kwanza. Linaloleta tofauti haraka ni vinywaji. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Mbili kwa siku na chai yenye vijiko vitatu, hapo ndipo penye kazi ya kuanzia. Kisha sahani: ugali ubaki, uwe wa dona, nusu ya uliozoeleka, nafasi iliyobaki ijazwe na matembele au mchicha, na maharage, dagaa, mayai au samaki. Maharage na dagaa vinashibisha muda mrefu, na havihitaji bajeti ya watu wa matangazo. Kutembea kwa kasi hadi jasho litoke, dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunailegeza ile misuli sugu hata kama mizani haijasogea. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji saa moja kila siku. Kiuno kipimwe kwa futi kamba mara moja kwa mwezi, usawa wa kitovu. Mara nyingi kinapungua kabla ya kilo.

Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki (senna), yaani dawa ya kuharisha. Kinachopungua ni maji, na anayeharisha hivyo akiwa kwenye majira vidonge haviingii mwilini ipasavyo. Baadhi ya vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza uzito vimekutwa na sibutramini ndani yake bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Mdalasini na uwatu kwenye uji sina ugomvi navyo, mradi mtu asiache dawa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mawili. Ukurasa wa afya uchapishe vile viwango vya siku, kwa herufi kubwa, ili mzazi avikate na kuvibandika ukutani. Na idara ya matangazo idai namba ya usajili kabla ya kupokea tangazo lolote la dawa ya hedhi au ya kizazi. Dawa za hospitali husajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba; za asili, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Asiye na namba popote kati ya hapo arudishiwe tangazo lake na hela yake.

Mtoa huduma za afya ya uzazi,
Morogoro